Mwenye Mzigo Wake

Uvira, tajiri akianza kujenga ghorofa ya pili, majirani hawaulizi kama atagombea. Wanauliza mwaka gani. Hapa mtaani Songo tumeshayazoea mambo haya: mtu anaanza na kibanda cha sabuni na sukari, anapata duka, anapata lori, anapata boti, halafu anachangia mabati ya kanisa na saruji ya msikiti bila kubagua, na muda si muda picha yake imebandikwa ukutani, suti ya buluu, tai nyekundu, namba ya kumpigia kura chini ya kidevu. Sisemi haya kwa kejeli. Baadhi yao nawaheshimu, na mmoja aliwahi kunikopesha nikiwa na shida. Ninalojiuliza ni hili: mtu aliyezoea kununua na kuuza, siku anapoketi mahali sheria inapotungwa, mzigo wake anauacha wapi?

Wengi hudhani hilo ni swali la Kinshasa, la miaka hii ya kampeni za fulana na kofia. Ni swali kongwe, na mwambao wetu uliguswa nalo kabla wazee wa wazee wetu hawajasikia habari za bunge lolote.

Tarehe 26 Aprili 1858 mitumbwi miwili kutoka Ujiji ilifika Uvira na Waingereza wawili wagonjwa ndani yake, Richard Burton na John Speke. Walikuwa wakitafuta chanzo cha Nile. Walitamani kusikia kwamba mto Rusizi unatoka ziwani na kwenda kaskazini. Wenyeji wakawaambia kwamba unaingia ziwani, na ndivyo unavyofanya hadi leo. Habari hiyo imeandikwa na kuandikwa tena. Mimi hunivuta zaidi mzigo uliokuwa ukipita katika njia hiyo hiyo ya maji. Kwa upande wa kaskazini, Uvira ndipo safari za wafanyabiashara wa Ujiji zilipoishia. Walikuja kutafuta pembe za ndovu, vyuma, nguo za magome ya miti, na watu wa kuwatia utumwani. Walilipa kwa ushanga, kwa masango ya shaba, kwa kaniki, na zaidi ya vyote kwa merikani.

Merikani ilikuwa pamba nzito isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kupakiwa merikebuni katika bandari ya Salem. Ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikashushwa Unguja, ikavushwa bara, ikabebwa begani na wapagazi mpaka Tabora na Ujiji, kisha ikatiwa mtumbwini kuja kwetu. Iliuzwa kwa mkono: mikono minne ni shuka, nane ni doti, na mwenye bahati alinunua jora zima. Tuseme mtu wa Uvira amesimama ufukweni, hajawahi kuiona bahari, anaushika upindo wa nguo kati ya kidole gumba na cha shahada, anauvuta mpaka kwenye kiwiko, anahesabu moja, anavuta tena. Mwenye bidhaa ana mkono mfupi, mnunuzi anadai apimiwe na kaka yake aliye mrefu, na ubishi huo peke yake unaweza kula asubuhi nzima. Hapo ndipo mtu wa kwetu alipokutana na Marekani kwa mara ya kwanza, na alikutana nayo kama kipimo na kama deni.

Nguo hiyo ilifika kwa bei iliyofika kwa sababu mbali sana na hapa kulikuwa na watu waliohakikisha kwamba inafika. Nataka kumtaja mmoja wa kizazi chao.

Nathaniel Silsbee alizaliwa Salem mwaka 1773, mtoto wa nahodha. Alianza safari za baharini akiwa na miaka 14. Mwishoni mwa 1792, kabla hajatimiza miaka 20, tajiri Elias Hasket Derby alimkabidhi merikebu iitwayo Benjamin, naye akaipeleka Rasi ya Tumaini Jema na Mauritius, ambayo wakati huo Wafaransa waliiita Île de France. Karani wake, Richard Cleveland, alikuwa mdogo kuliko yeye. Hebu fikiri: vijana ambao hapa tungewatuma dukani tukiwa tumeshahesabu chenji, wamepewa merikebu na mzigo mzima, na bei wanajiamulia wenyewe kwenye bandari ambayo habari za vita na za sarafu zinabadilika kila chombo kinapotia nanga. Silsbee alirudi na faida. Akaendelea kupanda, akaacha unahodha angali kijana, akawa mwenye merikebu. Kisha mji wake ukamtuma kwenye siasa. Alikuwa katika Baraza la Wawakilishi la Marekani kuanzia 1817 hadi 1821, akawa rais wa Seneti ya jimbo lake la Massachusetts, na kuanzia 1826 hadi 1835 alikuwa seneta huko Washington, akikaa pamoja na Daniel Webster, yule msemaji mkubwa. Humo aliongoza kamati ya biashara. Alifariki Salem mwaka 1850.

Ndani ya miaka yake ya useneta kilitokea kitu kinachotuhusu. Edmund Roberts, mfanyabiashara wa Portsmouth katika jimbo la New Hampshire, alikuwa amefika Unguja, akaona Wamarekani wanavyouza na kununua bila mkataba wowote wa kuwalinda, akamwona Sayyid Said, mtawala wa Muscat na Unguja, na kuzungumza naye, kisha akarudi kwao kuhangaika mpaka serikali ya Rais Andrew Jackson ikamtuma tena, safari hii akiwa mjumbe rasmi. Tarehe 21 Septemba 1833 mkataba ulitiwa saini Muscat. Ushuru wa bidhaa za Wamarekani zinazoshushwa ukawa asilimia 5, basi, hakuna nyongeza. Mwaka 1834 Seneti ya Marekani ikauridhia, na Silsbee alikuwa mmoja wa wanaoketi humo. Mfanyabiashara aliuomba, mfanyabiashara aliujadili hadi ukatiwa saini, na chumba kilichoupitisha kilikuwa na nahodha mstaafu aliyejua uchungu wa kulipishwa ushuru bandarini na mtu anayejitungia kiwango papo hapo. Mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, akafika Unguja. Naye alikuwa mtu wa Salem, naye alikuwa mfanyabiashara.

Lazima niseme kwamba sioni aibu yoyote katika hilo. Mji unaokula kwa merikebu ukimtuma mtu wa merikebu, umefanya akili. Laiti sisi tungekuwa na mbunge ambaye ameshawahi kulala bandarini Kalundu akisubiri mzigo huku ziwa limepanda na maji yanaingia gatini. Elimu ya namna ile haipatikani chuoni.

Lakini ukiifuata nguo yenyewe, picha inabadilika. Pamba iliyoingia katika viwanda vya Massachusetts ilichumwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Waliofuma walikuwa kwa wingi wasichana wa mashambani, ambao hawakuwa na haki ya kupiga kura. Walioibeba kutoka pwani walikuwa wapagazi, Wanyamwezi wengi wao. Na huku mwisho wa njia, mara nyingine ilibadilishwa kwa mtu. Kati ya hao wote, hakuna aliyekuwa na sauti katika Seneti ya Silsbee. Mtumwa mchuma pamba aliingia kwenye katiba ya Marekani kama hesabu tu: kila watumwa watano walihesabiwa kuwa watu watatu, ili mabwana zao wapate viti zaidi katika Baraza la Wawakilishi. Alihesabiwa ili awekewe mtu wa kumnyamazisha. Kila nikiufikiria mpango huo nashindwa kuamua kama waliotunga walikuwa wajinga wa dhambi yao au mafundi wake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, viliyumbisha merikani, na nguo za Uingereza na za Bombay zikajaza pengo. Jina lilibaki.

Upande wetu wa ziwa, mfanyabiashara aliyepata madaraka hakupitia kura wala baraza. Tippu Tip alitia saini mkataba na mvumbuzi Henry Stanley kule Unguja, Februari 1887, akawa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Kwa mtu mwenye utajiri wake zilikuwa pesa za kahawa. Alichouziwa kilikuwa bendera. Rumaliza, aliyekuwa na nguvu Ujiji na kaskazini mwa ziwa, hakukubaliana na bendera hiyo, akapigana na watu wa Leopold mpaka wakamfukuza. Ila sheria kubwa ya biashara yetu ilikuwa imeshatungwa kabla ya yote hayo. Mkataba wa Berlin wa Februari 1885 ulitangaza bonde lote la Kongo kuwa huru kwa biashara, bila ushuru wa bidhaa zinazoingia. Miaka mitano baadaye, kule Brussels, Leopold akaruhusiwa kutoza hadi asilimia 10, kwa hoja kwamba kupambana na biashara ya watumwa kunahitaji fedha. Asilimia 5, asilimia sifuri, asilimia 10: zote zilifika Uvira kama mvua inavyofika, bila mtu wa Uvira kuulizwa.

Kwa hiyo nikitafuta katika Afrika Mashariki mfanyabiashara wa zamani aliyeingia kweli kwenye baraza la kutunga sheria, sipati mtu wa ziwani. Napata mtu wa reli.

Alibhai Mulla Jeevanjee alikuwa Bohora kutoka Karachi, aliyezaliwa 1856. Alihangaika kwanza Australia, kule Adelaide, na mwaka 1890 akaingia Mombasa. Waingereza walipoamua kujenga reli kutoka pwani hadi ziwa Victoria, walihitaji watu wa kazi, na Jeevanjee akapata kandarasi ya kuwaleta kutoka India. Reli ilianza 1896, ikafika Nairobi 1899, ikagusa ziwa mahali panapoitwa leo Kisumu mwaka 1901. Wahindi waliopelekwa kuijenga walikuwa kama 32,000, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Jeevanjee aliwalisha wafanyakazi, akajenga majengo ya serikali na nyumba za maofisa, na Nairobi ilipokuwa bado tope na mahema yeye alikuwa tayari mmoja wa wenye nyumba wakubwa. Mwaka 1902 alianzisha gazeti Mombasa, African Standard. Miaka mitatu baadaye akaliuza kwa Wazungu, nao wakaligeuza kuwa sauti ya walowezi, wale wale waliotaka Mhindi asipate ardhi wala kura. Katika maisha yake yote hakuna biashara inayonisikitisha kama hiyo. Mtu ameuza kinywa chake, na kinywa kikaanza kumtukana.

Mwaka 1906 aliupa mji bustani, katikati kabisa ya Nairobi, na ndani yake sanamu ya Malkia Victoria iliyozinduliwa na Duke wa Connaught. Naiona hesabu ya mfanyabiashara katika zawadi hiyo, wala simlaumu: unampa mtawala heshima hadharani, ukitumaini naye atakukumbuka siku ya maamuzi. Tena ilionekana kuwa imelipa. Mwaka 1909 aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la himaya ile, baraza lililokuwa limeanza kukutana miaka miwili tu kabla. Alikuwa wa kwanza asiye Mzungu kukaa humo.

Kiti kimoja. Pande zote ni maofisa na walowezi. Wakati huo serikali ilikuwa imeshawaahidi walowezi kwamba ardhi ya nyanda za juu itakuwa ya Wazungu peke yao, na ahadi hiyo mjumbe mmoja hawezi kuifuta hata akiwa na nusu ya mji. Jeevanjee akafanya kile ambacho wafanyabiashara wetu hufanya karani mdogo akiwakwamishia mzigo: akamruka, akaenda kwa mkubwa wake. Alisafiri hadi London, na mwaka 1910 akazungumza na gazeti la Daily Chronicle. Alieleza kodi ambazo Wahindi wanalipa, biashara ambayo wameijenga, ardhi wanayonyimwa. Hoja zilikuwa nzito, na ukizisoma sasa bado zina makali. Kisha akafika mahali akapendekeza kwamba Afrika Mashariki yote ingefaa iunganishwe na himaya ya India.

Hapo mimi husimama kila mara. Huyu ni mtu aliyeonewa kweli, na alijua kueleza uonevu huo kuliko wote wa wakati wake. Alijua kilicho kibaya katika sheria inayomwambia mtu kwamba rangi yake ndiyo mpaka wa shamba lake. Hata hivyo, alipofungua ramani kutafuta dawa, Mkikuyu, Mmasai, Mkamba na Mnandi hawakuwamo. Waliokuwa na ardhi kabla ya mlowezi na kabla ya mkandarasi, yeye aliwaona kama walivyoonwa na merikani: mahali pa kufikia. Dhuluma aliyoijua ilikuwa ile iliyogusa duka lake, na aliieleza kwa haki. Ila macho yake yaliishia kwenye kizingiti.

Wapo watakaosema namhukumu kwa mizani ya leo. Sidhani. Mizani aliyotumia kuwashitaki walowezi ndiyo hiyo hiyo.

Baada yake kiti cha Mhindi kilikaa kitupu miaka kadhaa. Mwaka 1914 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Mombasa chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki, East African Indian National Congress, chama kilichobeba ugomvi huo mpaka London ikatoa waraka wa Devonshire mwaka 1923. Waraka ule ulisema maslahi ya Waafrika ndiyo yatangulie, kisha ukawaachia Wazungu nyanda zao za juu, ukawapa Wahindi viti vitano, na kwa ajili ya Waafrika ukaona anatosha mmisionari wa kuwasemea. Mwafrika wa kwanza kuingia katika baraza lile, Eliud Mathu, aliingia Oktoba 1944. Hakuwa mfanyabiashara. Alikuwa mwalimu.

Jeevanjee alifariki 1936, utajiri wake mwingi umeshayeyuka. Bustani ilibaki. Mwaka 1991 wakuu wa jiji walitaka kuifukua ili wajenge maegesho ya magari na maduka, na mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza kampeni ya kuizuia, Wangari Maathai akiwa upande wake. Walioijaza na kuitetea ni vibarua wanaopumzika mchana, wahubiri, watu wasio na hela ya kukaa hotelini. Mradi ukafa. Watu ambao hakuwaweka kwenye ramani yake ya 1910 ndio wanaokalia mabenchi yake. Hilo lilinifurahisha kuliko sanamu, ambayo nayo ilikuja kuangushwa.

Sasa nirudi kwetu.

Mwanamke wa Uvira anayeuza Bujumbura hufika mpakani Kavimvira alfajiri. Nimewatazama wakifanya kazi yao, na naona inafaa kuelezwa pole pole. Gunia moja la bidhaa linateremshwa kwenye pikipiki. Halivuki likiwa gunia. Linafunguliwa pembeni, kitambaa kinatandikwa, na bidhaa inagawanywa katika vifurushi vinne au vitano, kila kimoja kidogo kiasi cha kuonekana ni chakula cha nyumbani. Wasichana wanakuja, kila mmoja anachukua chake kichwani, wanavuka kwa kupishana, yule wa pili akianza safari wa kwanza akishafika kwenye kibanda cha mwisho. Ng'ambo, upande wa Gatumba, vifurushi vinarudi kuwa gunia. Gunia zima huita ofisi nyingi. Kila ofisi ina karatasi yake, na karatasi nyingine haina hata mhuri. Hesabu ya wasichana, ya pikipiki na ya kinachodondoka njiani tayari imeshaingia katika bei, na mama anaijua kichwani kuliko mchumi yeyote.

Upo utaratibu wa COMESA uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo wa mpakani: bidhaa zilizo kwenye orodha, zisizozidi thamani fulani, zivuke bila ushuru wa forodha. Tangu 2022 Kongo imo pia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia 2007, na tuna wabunge tisa kule Arusha kama kila nchi mwanachama. Kwa hiyo sheria inayohusu gunia la mama huyu inaweza kutungwa Kinshasa, Arusha au Lusaka. Hapo Kavimvira hutungwa nyingine, kwa mdomo, na hiyo ndiyo anayoilipa.

Nilimuuliza mama mmoja, muuza ndagala wa soko la Mulongwe ambaye ananiita mwanangu ingawa hatuna undugu, kama angependa mbunge wetu awe mfanyabiashara. Alikuwa anapima ndagala kwa kopo la maziwa ya unga, anajaza, anaongeza kilima juu, anakipunguza kwa kiganja kabla hakijaingia kwenye mfuko wa mteja. Hakuinua macho. «Mwanangu, mbunge ni mtu wa kutumwa,» alisema. «Ukimtuma sokoni mtu mwenye mzigo wake, atauza wake kwanza.» Nikamwambia, basi tumtume asiye na mzigo. Akacheka. «Asiye na mzigo hajui bei. Watamdanganya.»

Kwa miezi kadhaa maneno hayo yamekuwa yakinisumbua kwa sababu ncha zote mbili ni za kweli. Silsbee alijua bei. Jeevanjee alijua bei. Kila mmoja alipeleka mzigo wake ndani na kuuuza kwanza. Tofauti yao ni ya vyumba. Chumba cha Silsbee kilikuwa kimejaa wenye mizigo, na walielewana lugha, hivyo sheria ilikwenda sawa na merikebu. Jeevanjee alialikwa peke yake katika chumba cha wenye mashamba, akashindwa, na kushindwa huko ndiko kunakotufanya tumkumbuke kama mtetezi. Sina hakika kama angeshinda tungemkumbuka vilevile.

Bunge letu la taifa lina viti 500. Mwaka 2023 mgombea wa ubunge wa taifa alitakiwa kuweka dhamana ya faranga 1,600,000, na dhamana hiyo hairudishwi hata ukishinda. Muuza ndagala hawezi. Mwalimu wa shule ya msingi hawezi, labda akope. Na anayemkopesha ni nani katika mji huu kama si mwenye lori? Kwa hiyo hata asiye na mzigo akifika Kinshasa, mara nyingi amefika juu ya mzigo wa mtu. Sheria imepanga mlango kwa namna ambayo mfanyabiashara ndiye anayeupita bila kuinama. Sasa tukishangaa bungeni kumejaa wafanyabiashara, tunamshangaa nani?

Kwa upande wangu, mfanyabiashara nitampigia kura. Nimeshafanya hivyo na nitarudia. Kinachonikera ni kwamba hatumwulizi. Kwenye mikutano tunamwuliza atajenga daraja gani juu ya mto Mulongwe, na tuna haki, kwani Aprili 2020 mto ule ulifurika na kuchukua watu na nyumba. Tunamwuliza barabara, maji, umeme. Hakuna anayenyosha kidole na kumwuliza: mheshimiwa mtarajiwa, bidhaa zako zinaingia kwa forodha ipi, kwa jina la nani, na mwaka uliopita zililipa kiasi gani? Swali hilo linaonekana kama utovu wa adabu, hasa kwa mtu aliyekwisha kutoa mabati ya kanisa.

Katiba yetu ya 2006 inalijua swali hilo. Ibara ya 99 inawataka Rais wa Jamhuri na wajumbe wa serikali watangaze mali za familia zao kwa maandishi mbele ya Mahakama ya Katiba, kabla ya kuingia madarakani, na wafanye hivyo tena wanapotoka. Nimeisoma mara nyingi, kwa Kifaransa, neno kwa neno. Mbunge hakutajwa humo. Katiba hiyo ilipitishwa 2005 na bunge la mpito ambalo wajumbe wake hawakuchaguliwa na mtu. Walitoka katika makundi yaliyopatana Sun City, yenye silaha na yasiyo na silaha, wengi wao wakiwa na mambo yao ya madini na ya mipaka. Sisi tuliipigia kura ya ndiyo mwezi Desemba mwaka huo, kwa furaha, kwa sababu vita vilikuwa vimetuchosha na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kusoma ibara moja moja.

Katika uchaguzi ujao nitakwenda kwenye mkutano wa kwanza utakaofanyika upande huu wa mji, na nitauliza kuhusu forodha. Yule mama wa ndagala amesema atakuja, ila nisimweke mstari wa mbele, kwa sababu mmoja wa wagombea anaotazamia kuwaona ndiye anayemkodisha meza yake sokoni.